Mche Hauvutwi Ukakua: Kufundisha Hekima ya Maisha kwa Visa vya Wahenga wa China

1. Tatizo

Katika shule nyingi za msingi hekima ya maisha hufundishwa kwa njia moja tu. Mwalimu huandika methali ubaoni, wanafunzi huisoma kwa pamoja, kisha maana yake huandikwa chini yake na kunakiliwa madaftarini. Siku ya mtihani methali hutolewa nusu, na mtoto hutakiwa kuimalizia. Akiimalizia sawasawa hupewa alama, na mwalimu huhesabu kwamba kazi imekwisha.

Walakini kila mwalimu ameona mtoto anayekamilisha methali ya haraka na baraka bila kosa, na jioni ile ile akaharibu kazi ya mikono kwa pupa. Maneno yamefika masikioni, hayajafika mikononi. Tena ubaya wa njia hii hauishii katika kukosa faida tu. Mtoto hujifunza kwamba hekima ni kitu cha kujibia mtihani, si kitu cha kuishi nacho. Na akishaamini hivyo, ni vigumu kumrudisha.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia nyingine, ambayo tumeijaribu pamoja na walimu-wanafunzi wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha katika Wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Tumechukua visa vitatu vya wahenga wa China ya kale na kuvifundisha kwa kutumia vitu ambavyo watoto wa Sikonge wanavijua: kitalu, safari na msitu wa miyombo.

2. Kwa nini China?

Huenda msomaji akauliza: je, wahenga wetu hawatoshi? Wanatosha. Hatuendi China kwa sababu nyumbani kuna upungufu. Twaenda kwa sababu mbili za ufundishaji.

Kwanza, methali zetu watoto wamezisikia mno hata hawazisikii tena. Kisa kigeni humfanya mtoto ategee sikio, na anapogundua kwamba mkulima wa China wa miaka zaidi ya 2,000 iliyopita alifanya jambo ambalo baba yake angelicheka, huanza kuyatazama upya maarifa ya nyumbani kwao.

Pili, wahenga hao walikuwa walimu kwa kazi, na njia yao ya kufundisha ina mafunzo kwetu kama yalivyo maneno yao. Confucius alizaliwa mwaka 551 K.K. katika nchi ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong, na akafa mwaka 479 K.K. Hakuwabagua wanafunzi kwa hali zao. Aliyeleta fungu dogo la nyama kavu kuwa ada alipokewa. Mafundisho yake yalikusanywa na wafuasi katika kitabu kiitwacho Lunyu, yaani mazungumzo. Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 K.K. na kuingia katika ile ya 3, aliendeleza mafundisho hayo. Wote wawili walizunguka kutoka kwa mtawala mmoja hadi kwa mwingine wakitoa shauri, na aghalabu hawakusikilizwa. Lakini wanafunzi wao waliwasikiliza, maana hawakuwapa maneno ya kukariri tu. Waliwaonyesha shamba, mti na njia, kisha wakawaachia nafasi ya kufikiri.

Jambo hili si geni katika Tabora. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora, akafundisha St. Mary's mjini humo kuanzia mwaka 1946, na mwaka 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ulilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya wazazi wake. Njia tunayoieleza hapa ni jaribio dogo la kuiziba pengo hilo kwa kipindi kimoja cha darasani.

3. Kisa cha kwanza: Miche ya mtu wa Song

Mencius alisimulia habari za mkulima wa nchi ya Song aliyesikitika kwa kuwa miche yake ilikuwa haikui upesi. Akaingia shambani, akauvuta mche mmoja mmoja juu kidogo. Jioni akarudi nyumbani amechoka, akawaambia watu wake kwamba siku ile ameisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbilia shambani kutazama. Miche yote ilikuwa imenyauka.

Mtoto wa mkulima wa tumbaku hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Anajua kwamba mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi, na kwamba aghalabu huchanganywa na mchanga au majivu ili isianguke mahali pamoja. Anajua kwamba kitalu hufunikwa nyasi na kumwagiliwa, na kwamba miche hukaa humo kiasi cha miezi miwili kabla ya kuhamishiwa shambani. Zaidi ya hayo, anajua jambo ambalo mtu wa Song hakulijua: nyasi hupunguzwa kidogo kidogo, na maji hupunguzwa siku za mwisho, ili miche izoee jua na ukavu kabla ya kuhamishwa. Mkulima huusaidia mche kwa kuuacha ujitegemee kwa kiasi unachoweza.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu. Wengi husimulia kisa hiki na kuhitimisha kwamba haraka ni mbaya. Mencius hakuishia hapo. Alisema pia kwamba wako wanaodhani hakuna faida kuisaidia miche, wakaiacha bila palizi. Basi yako makosa mawili, si moja: kuvuta na kutelekeza. Hekima imo katikati, katika kupalilia, kumwagilia na kungoja.

Kwa mwalimu kisa hiki ni kioo. Tunapowakaririsha watoto majibu ya mitihani iliyopita kabla hawajaelewa swali, tunavuta. Tunapotumia fimbo kumfanya mtoto asome kwa kasi asiyoiweza, tunavuta. Naye mwalimu anayesema kwamba watoto wa kijiji hiki hawawezi, akaketi kivulini kungoja mwisho wa mwezi, ameacha palizi. Mizizi huumia katika hali zote mbili, ila katika ile ya kwanza mche huonekana mrefu kwa siku moja.

4. Kisa cha pili: Swali moja, majibu mawili

Siku moja mwanafunzi wa Confucius aitwaye Zilu alimwuliza kama imfaa mtu kutenda mara moja jambo jema alilolisikia. Confucius akamjibu kwamba baba yake na kaka zake wangali hai. Yampasa kwanza kutaka shauri lao. Baadaye mwanafunzi mwingine, Ran You, akauliza swali lile lile. Huyu akaambiwa atende mara moja. Mwanafunzi wa tatu, Gongxi Hua, aliyekuwa amesikia majibu yote mawili, akachanganyikiwa na kuomba maelezo. Mwalimu akaeleza kwamba Ran You ni mtu wa kusitasita, kwa hiyo alimsukuma mbele. Zilu ana ari kupita kiasi, kwa hiyo alimzuia.

Kisa hiki kinatatua taabu ambayo kila mwalimu wa methali amekutana nayo. Mtoto mwerevu huuliza: "Mwalimu, juzi ulisema haraka haraka haina baraka, na leo wasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ipi ni ya kweli?" Mwalimu asiyejiandaa humwambia anyamaze. Aliyejiandaa hujua kwamba mtoto amefika penyewe. Methali zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina mtu wake na wakati wake. Kuijua methali ni nusu ya hekima. Nusu ya pili ni kujua ni nani anayehitaji kuambiwa methali hiyo, na lini.

Mfano wa kulieleza jambo hili umo katika historia ya Tabora. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa pagazi ulikuwa kiasi cha frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi, na safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi. Kirangozi alitangulia mbele, na wengine walifuata kwa mstari mrefu. Waulize wanafunzi: je, msafara wa namna hiyo ungefika kwa amri moja tu ya "Kaza mwendo"? Mwenye nguvu angewaacha wenzake na kujikuta peke yake porini. Mgonjwa angeanguka njiani. Wa mbele alihitaji kuambiwa apunguze, wa nyuma alihitaji kutiwa moyo, na wote wawili walikuwa wakiongozwa kwenda mahali pamoja.

Zoezi linalofaa baada ya kisa hiki ni kuwapa wanafunzi, wawili wawili, jozi za methali zinazoelekea kupingana, kisha kila jozi ya wanafunzi itunge mfano wa mtu anayefaa kuambiwa ile ya kwanza, na mwingine anayefaa kuambiwa ile ya pili. Mathalan, "Umoja ni nguvu" yaweza kuwekwa kando ya "Wapishi wengi huharibu mchuzi." Tumeona kwamba watoto wa Darasa la 5 huliweza zoezi hili vizuri, nao hulifurahia.

5. Kisa cha tatu: Mlima uliokatwa miti

Mencius alizungumza juu ya mlima uliokuwa karibu na mji mkubwa, ulioitwa Niu, maana yake ng'ombe. Zamani mlima huo ulikuwa na miti mizuri. Kwa kuwa mji ulikuwa karibu, watu waliukata kwa mashoka siku baada ya siku. Mvua na umande vilileta machipukizi, lakini ng'ombe na kondoo wakapelekwa kuyala. Mwishowe mlima ukawa upara, na wapitao wakadhani kwamba haukupata kuwa na miti tangu asili. Mencius akafananisha: hata moyo wa mtu ni hivyo hivyo. Anayeonekana hana wema hakuzaliwa bila wema. Machipukizi yake hujitokeza anapopumzika usiku, kisha mambo ya mchana huyakanyaga.

Katika Sikonge kisa hiki kina maana mbili, na zote zafaa kufundishwa.

Maana ya kwanza ni ya msitu wenyewe. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hutoka msituni. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kulibambua gome la mti likiwa zima kuuzunguka mti, na mti uliobambuliwa hivyo hufa. Basi asali ya leo yaweza kuwa imelipiwa kwa maua ya miaka mingi ijayo. Watoto wenyewe wataikumbuka methali ya anayechovya chovya mpaka akamaliza buyu la asali. Mencius pia alimshauri mtawala mmoja kwamba mashoka yakiingia msituni kwa majira yake tu, mbao hazitakwisha. Mwalimu aweza kuuliza: ni akina nani hapa kwetu wanaopanga majira ya shoka? Ni mizinga gani isiyoua mti? Majibu yatatoka kwa watoto ambao wazazi wao wanatumia mizinga ya mbao au wamepanda miti ya kuni.

Maana ya pili ni ya mtoto. Kila shule ina wanafunzi waliokwisha kupewa jina: mtoro, sugu, mzito. Katika shule moja, mwalimu-mwanafunzi wetu alisimulia habari za Mlima Niu, kisha akauliza kwa nini miti haikurudi. Darasa likanyamaza. Mtoto mmoja aliyeketi nyuma, ambaye katika miezi ya tumbaku alionekana shuleni kwa nadra, akasema: "Visiki havikufa, Mwalimu. Ng'ombe ndio hawavipi nafasi." Jibu hilo lilikuwa kamili, maana wakazi wa nchi ya miyombo wanajua kwamba kisiki kikiachwa huchipua. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa pamoja nasi, alitwambia baadaye kwamba mwaka ule hakuwa amepata kumsikia mtoto yule akijibu swali lolote.

Hatusimulii jambo hili ili kuisifu njia yetu. Twalisimulia kwa sababu ndilo kiini cha suala. Mtoto yule alikuwa na maarifa siku zote. Alichokosa ni swali lililoyahitaji maarifa yake. Mwalimu aliyekwisha amini kwamba mlima ni upara hatauliza swali la namna hiyo, na kwa hiyo hataona kamwe chipukizi lolote. Hivyo dhana yake itajithibitisha yenyewe mwaka hadi mwaka, na mtoto ataondoka shuleni akiwa ameiamini pia.

6. Mpango wa somo

Huu ni mpango wa kipindi kimoja cha dakika 40 kwa Darasa la 5, kwa kisa cha miche. Visa vingine vyaweza kufuata mpango huu huu.

Maandalizi: Wiki mbili kabla ya somo, wanafunzi wapande mahindi au maharage katika makopo mawili yenye udongo wa namna moja na wayamwagilie sawasawa. Miche ikiota, ile ya kopo la pili ivutwe juu kidogo kila asubuhi. Wanafunzi waandike kila siku waonayo.

Hatua ya 1 (dakika 5): Makopo yote mawili yawekwe mezani. Wanafunzi waeleze tofauti bila mwalimu kuisema. Mwalimu aunganishe na somo la Sayansi: vinyweleo vya mizizi ndivyo vinyonyavyo maji, na mche ukivutwa hukatika.

Hatua ya 2 (dakika 8): Mwalimu asimulie kisa bila kusoma kitabuni. Akifika mahali ambapo mkulima anawaambia watu wake kwamba ameisaidia miche, anyamaze. Asimalizie. Awaulize wanafunzi: mtoto wake akienda shambani atakuta nini, naye atamwambia nini baba yake?

Hatua ya 3 (dakika 12): Makundi ya watoto watano watano yajadili swali hili: mkulima wa hapa kwetu hufanya nini ili mche uwe na nguvu? Watoto wa wakulima wawe ndio mafundi wa makundi.

Hatua ya 4 (dakika 10): Kila kundi litaje jambo moja, nje ya kilimo, ambalo watu huharibu kwa kulivuta, na jambo moja ambalo huharibika kwa kuachwa bila palizi.

Hatua ya 5 (dakika 5): Kila mwanafunzi achague kazi moja yake mwenyewe atakayoipalilia kwa muda wa wiki mbili, mathalan kusoma kurasa mbili kila jioni, au kumfundisha mdogo wake kuhesabu. Aiandike katika daftari.

Ndipo, katika mwisho wa kipindi, methali iandikwe ubaoni, nayo itoke kwa wanafunzi. Mpangilio huu una asili yake katika mafundisho ya Confucius. Alieleza kwamba akimwonyesha mwanafunzi pembe moja ya jambo, yeye hutazamia mwanafunzi azitafute zile tatu zilizobaki. Mwalimu anayeanza na methali pamoja na maana yake ameonyesha pembe zote nne, wala hakumwachia mtoto kazi yoyote.

7. Hatari za kuepuka

Mwalimu asigeuze kisa kuwa kijembe. Mtoto asiyefanya vizuri asitajwe kuwa mfano wa mlima ulio upara mbele ya wenzake.

Mwalimu asiwadharau wazazi. Baba anayembakiza mtoto nyumbani wakati wa mavuno mara nyingi ana deni la pembejeo linalomkabili. Hata hivyo ukweli usifichwe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi zenye madhara, na nikotini iliyomo katika majani mabichi ya tumbaku hupenya kwenye ngozi na kumgonjwesha. Kwa sababu hiyo tumependekeza mahindi au maharage kwa majaribio ya darasani. Maarifa ya kitalu cha tumbaku yatumike kwa mazungumzo tu.

Mwisho, wahenga wa China wasifanywe watakatifu. Walikuwa watu wa zama zao, na katika wanafunzi wa Confucius wanaojulikana kwa majina hamna mwanamke hata mmoja. Mwalimu awe na hakika kwamba katika makundi wasichana ni wasemaji, si waandishi tu.

8. Upimaji

Hekima haipimwi kwa kumalizia methali. Baada ya wiki mbili mwalimu atumie dakika 15 kuyapitia madaftari na kuwauliza wanafunzi maswali matatu: Ulipalilia nini? Ulitamani kuvuta wapi? Umeona badiliko gani? Asitoe alama. Aandike maelezo mafupi ya kila mtoto, kisha ayalinganishe na yale ya mwezi utakaofuata. Tumeona kwamba wengine huacha kazi waliyoichagua katika siku za mwanzo. Hao wasikemewe; waulizwe kama kazi ilikuwa kubwa mno, nao wachague ndogo zaidi. Kuipunguza kazi ilingane na nguvu za mtoto ni sehemu ya somo lenyewe.

9. Hitimisho

Hoja yetu ni moja. Hekima ya maisha haimwingii mtoto kwa kuambiwa. Humwingia anapopewa jambo analolijua, swali ambalo halijajibiwa, na muda wa kulijibu kwa matendo. Wahenga wa China walifundisha hivyo, na wazee wetu hufundisha hivyo hadi leo kandokando ya kitalu na chini ya mzinga. Ni darasa ndilo lililoiacha njia hiyo, na ni darasa ndilo lipaswalo kuirudia.

Tunapendekeza maswali yafuatayo kwa mijadala ya walimu shuleni na vyuoni:

(a) Taja jambo moja katika ratiba ya shule yako ambalo ni kuvuta miche, na moja ambalo ni kuacha palizi. Ni lipi laweza kubadilishwa muhula huu?

(b) Chagua wanafunzi wawili wa darasa lako wanaostahili majibu tofauti kwa swali moja. Eleza sababu.

(c) Ni mtoto gani katika darasa lako ambaye hujapata kumsikia akijibu swali? Tunga swali ambalo yeye peke yake ndiye mwenye jibu lake, umwulize wiki hii.